Kikombe Kisichopungua

Kabla mtoto hajaja, maziwa yalikuwa kazi kama kazi nyingine. Fundi aliamka, akanawa mikono hadi viwikoni, akakaa kwenye kiti cha cherehani kwa sababu ndicho pekee chenye mgongo ulionyooka, akaweka pampu kwenye titi la kulia, kisha la kushoto. Pampu ilivuta, ikaachia. Chupa ilibaki kavu. Aliiosha vilevile kama iliyojaa, akaifunika kwenye kitambaa safi, akaenda kufungua duka.

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na mlangoni beseni la vitambaa vya pamba vilivyolowekwa. Nyuma ya pazia waliishi watu watatu. Yeye, mumewe aliyepaka rangi majumba ya watu, na mama mkwe, ambaye alikuja kukaa kwa muda na muda huo haujaisha.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema kupitia pazia, "hivi unakamua nini? Ukuta?"

"Nakamua tu, mama."

"Basi ukipata lita niite, nichemshe chai."

Fundi alicheka, kwa kuwa kulia mbele ya yule mama kulikuwa hasara tupu. Hakuwahi kuzaa. Mimba zilikuja na kuondoka, mpaka daktari akamwambia asijaribu tena. Wakaomba mtoto wa kuasili. Walipoambiwa zamu yao imekaribia, akaenda kliniki kumwona mkunga, mwanamke mnene wa sauti ya chini, akamuuliza swali ambalo alikuwa amelibeba njia nzima kama mtu aliyebeba yai.

Mkunga hakucheka. Alifunga mlango.

"Inawezekana," alisema. "Titi likivutwa kila siku, mwili unaanza kudhani kuna mtoto. Kuna na vidonge vya kusaidia, daktari atakuandikia. Lakini nisikudanganye, mdogo wangu. Wengine wanapata nusu. Wengine matone. Kati ya niliowaona mimi, hakuna aliyepata yote."

"Matone yanatosha."

"Hayatoshi. Ndiyo maana kuna mrija."

Akamwonyesha. Maziwa ya kopo yanawekwa kwenye kikombe chenye mfuniko, kikombe kinaning'inia shingoni kwa utepe. Kutoka kwenye kikombe unashuka mrija mwembamba na laini mpaka ncha ya chuchu. Mtoto akinyonya anavuta yote mawili, ya kopo na ya mama, asijue yapi ni yapi. Kila kitu kinachemshwa kabla ya kutumika, mrija, kikombe, na nguo inayogusana navyo.

"Na nitajuaje kama ananyonya yangu?"

"Kikombe kitapungua kidogo kuliko zamani. Lakini usikiangalie sana kikombe, utajitia wazimu. Angalia nepi. Kinachoingia lazima kitoke. Nepi zikilowa, mtoto anakula. Na uje umpime."

Mtoto alifika asubuhi ya mvua, mikononi mwa afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mrefu aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mtoto alikuwa ameachwa wodini na mama ambaye hakurudi. Kichwa chake kilikuwa kidogo na cha duara kamili, na Fundi, kabla hajajizuia, akasema, "Kama kifungo." Jina likabaki.

Afisa alikagua dari, jiko, choo. Kisha akaketi.

"Nitasema mara moja ili tusije tukalaumiana," alisema. "Huyu bado si wenu. Yuko hapa kwa majaribio. Nitakuwa nakuja na mizani. Akikua, nitamwambia hakimu awape, na atawapa. Asipokua, nitamchukua. Sitafurahi, lakini nitamchukua."

"Atakua," alisema mume.

"Nami natumaini hivyo, baba."

Alipoondoka, Fundi alifungua blauzi, akabandika mrija kwa plasta kama alivyofundishwa, akamweka mtoto. Kifungo alitafuta, akakosa, akatafuta tena, akashika. Maziwa yakapanda kwenye mrija, meupe, yakapita kwenye titi, yakaingia. Koo dogo likafanya kazi. Mama mkwe alikuwa amesimama penye pazia na ufagio.

"Mh," alisema. "Kweli dunia ina mambo."

Lakini hakumtania tena kuhusu ukuta, na kuanzia siku ile nepi alifua yeye. Hakuna aliyemwomba. Alizichukua tu, akazipeleka uani, na ukitaka kumsaidia alikufukuza.

Mtaani wakaanza kumwita Mama Kifungo. Mteja aliingia dukani, "Mama Kifungo, gauni langu limefika wapi?" naye aliendelea kushona mpaka yule mteja akamgusa bega. "Nakuita wewe!" Miaka yote alikuwa Fundi. Hakuwa amezoea kuitikia jina lingine.

Afisa alirudi na mizani. Mshale ulikuwa umepanda. Alimpongeza mtoto kwanza, kisha mama.

Tatizo lilikuwa plasta. Ngozi ya Fundi ilifanya vipele, vipele vikawa vidonda. Kwa jasho plasta iliteleza, mrija ukatoka, maziwa yakamwagika kifuani na mtoto akabaki akipiga kelele. Siku moja, mtoto akilia mikononi mwa bibi yake, Fundi alichukua sidiria yake na kipande cha pamba nyeupe kilichobaki kwenye meza ya kukatia, akashona njia nyembamba: inaanzia begani, inapinda chini ya kwapa, inatokea kwenye chuchu. Aliupitisha mrija ndani. Ukakaa kama umezaliwa pale. Mishono ilikuwa midogo sana, ungeitafuta kwa miwani.

Alimpelekea mkunga aione. Mkunga aliigeuza, akaivuta, akaufuata mrija kwa kidole.

"Dada, wewe ni fundi kweli. Nishonee nyingine niwaonyeshe wenzangu."

"Nitakushonea."

"Usisahau kuichemsha."

Hakusahau. Aliichemsha jioni, akaianika, asubuhi akaivaa. Akawa na mbili za kubadilishana, zote za pamba ileile, na zote zilipita kwenye sufuria ya maji yanayotokota kila zilipovuliwa.

Ikatokea kwamba kikombe kilianza kubaki na maziwa.

Mwanzoni yalibaki kidogo tu, kipimo cha kijiko. Fundi alikiinua kwenye mwanga wa dirisha. Siku zilizofuata yalibaki zaidi. Mtoto alinyonya muda mrefu, mrefu kuliko zamani, kisha akaliachia titi na kulala, na kikombe kilikuwa bado na nusu. Alijikamua kwa kidole na tone likatoka, jeupe, halisi, likateremka mpaka kwenye mkunjo wa tumbo. Alimwita mumewe kwa sauti iliyomfanya aje mbio na brashi mkononi.

"Nini? Ameanguka?"

"Angalia."

Mume aliangalia tone, akaangalia kikombe. Aliiweka brashi chini, juu ya kitambaa cha mteja, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Fundi hakumgombeza.

"Ni yako?"

"Ni yangu. Anakunywa yangu. Ndiyo maana kikombe hakipungui."

Jioni mume alitoka akarudi na soda tatu. Mama mkwe alikunywa yake kwa heshima, kama dawa.

"Nilisema ukuta," alisema. "Nimefuta kauli."

Mkunga alikuwa amekwenda likizo. Fundi alimpeleka mtoto kliniki siku ya kupima, akakuta zamu ya kijana mmoja muuguzi aliyekuwa na sauti ya kuitia watu mnadani. "Ahaa, wewe ndiye yule unayenyonyesha bila kuzaa?" aliuliza, na benchi zima likageuka. Hakuwa na nia mbaya, alishangaa tu. Lakini Fundi alisema amesahau kitu nyumbani, akaondoka, na hakurudi. Mkunga akirudi, aliwaza, nitakwenda. Atafurahi.

Kifungo akawa mtoto mtulivu. Alilala asubuhi, akalala mchana. Wateja walimsifia. "Mama Kifungo, una bahati, wangu hata choo sikuenda kwa raha." Aliponyonya alinyonya kwa bidii, mashavu yakiingia ndani, na jasho likimtoka kwenye paji la uso. Baadaye hakulia hata kuomba. Alifungua macho, akamtazama, akayafumba.

Mama mkwe aliona kamba ya nepi uani. Hapo zamani ilikuwa inajaa mpaka anaazima kamba ya jirani. Sasa nepi zilining'inia kwa nafasi, na alipozifua hazikuwa na harufu. Alifikiria kusema. Alimtazama mkwewe kupitia upenyo wa pazia, akishona na kuimba chini chini, mwanamke ambaye kwa miaka aliyomjua hakumsikia akiimba. Akajiambia ni joto, mtoto anatoka jasho. Akakunja nepi.

Afisa alikuja bila kutarajiwa, maana alikuwa na safari ya upande ule. Alivua viatu. Alimchukua mtoto, na hata kabla hajatoa mizani uso wake ulibadilika. Alibonyeza ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ngozi ilisimama kama mkunjo wa kitambaa, haikurudi. Alimgusa utosini, pakawa pameingia ndani.

"Huyu amekojoa lini?"

Mama mkwe alitazama sakafu.

"Nauliza, amekojoa lini?"

"Jana," alisema mama mkwe. "Jana asubuhi. Kidogo."

"Vaeni viatu," alisema afisa. "Tunakwenda hospitali."

Wodini walimwekea maji ya mshipa. Mshipa haukuonekana mkononi, wakatafuta mguuni, wakatafuta kichwani, wakaupata kichwani baada ya kumchoma mara nyingi. Kifungo alilia kilio kikavu kisicho na machozi. Puani walipitisha mpira wa kumlishia. Daktari alikuwa mwanamume mchovu, mpole, aliyeuliza maswali akiwa amechuchumaa ili awe sawa na aliyekaa.

"Mama, nyumbani anakula vipi?"

"Vizuri. Ananyonya muda mrefu. Yangu yameongezeka, ya kopo anayabakisha."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Naona kikombe."

"Ananyonya vizuri na anakonda," alisema daktari polepole. "Basi kuna kitu kinamla ndani. Tutakitafuta."

Wakakitafuta. Walichukua damu, wakachukua tena. Walimpitisha kwenye mashine ya picha. Afisa alikuja kila siku, akasimama mguuni pa kitanda. Hakuna kilichoonekana. Daktari akasema kesho watachukua maji ya uti wa mgongo, sindano ndefu kidogo, mtoto atashikwa na wauguzi wawili asitikisike.

Siku iliyofuata, wakati wa chai ya asubuhi, Fundi alikaa karibu na bomba la maji la wodi na pampu yake. Hakutaka maziwa yake yakauke kabla mtoto hajarudi kwenye titi. Alikamua kulia, akakamua kushoto, akabonyeza mpaka maumivu. Alipoinua chupa, kilichokuwemo hakikufunika chini. Aliizungusha. Kikakusanyika pembeni kama machozi ya mtu mmoja.

Aliitazama kwa muda mrefu. Haya ndiyo yote. Kama haya ndiyo yote, na kikombe kilikuwa kinabaki kimejaa, mtoto alikuwa anakula nini?

Sidiria ilikuwa kwenye mfuko. Aliitoa. Alijaza kikombe maji ya bomba, akaupitisha mrija kwenye njia ya pamba. Ulipita kwa shida, akausukuma, ukapita. Akatia ncha yake mdomoni, akavuta.

Hakikuja kitu.

Alivuta tena. Mashavu yake yakaingia ndani. Alivuta kama mtu anayenyonya jiwe, mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso, na akajua jasho lile alishawahi kuliona wapi. Kisha akauchomoa mrija kutoka kwenye kitambaa, akauacha uning'inie wazi, akavuta kidogo tu. Maji yakajaa mdomoni.

Alikigeuza kitambaa. Chini ya kwapa, pale njia ilipopinda, pamba ilikuwa imesinyaa na kuukaba mrija. Pamba mpya. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake alifundishwa jambo hilo kabla hajagusa mkasi: pamba inalowekwa, inaanikwa, ndipo inakatwa. Beseni lilikuwa mlangoni mwaka mzima kwa ajili ya nguo za watu. Hii yake aliishona kavu kwa sababu mtoto alikuwa analia, kisha akaichemsha kila siku, na kila siku iliminya zaidi.

Mumewe alimkuta palepale. Alimwonyesha. Hakueleza sana, aliurudisha mrija kwenye kitambaa, akampa avute. Alipoelewa, alichungulia korido kwanza, kisha akakaa karibu naye.

"Usiseme," alisema.

"Wanakwenda kumchoma mgongo."

"Watamchoma, hawataona kitu. Sasa anakula kwa mpira, anaongezeka. Watasema ugonjwa umepita wenyewe. Tutamrudisha nyumbani, utatumia plasta, vidonda vitavumilika. Ukisema, yule afisa atamchukua leo. Leo hii, mke wangu."

"Najua."

"Hukukusudia."

"Najua sikukusudia. Lakini sindano ni yake, siyo yangu."

"Mara moja tu. Mtoto mdogo hakumbuki."

Fundi hakumchukia. Aliona mikono yake, yenye rangi ya dari za watu kwenye kucha, juu ya magoti, na alijua kwamba na yeye alikuwa anamwombea mtoto, kwa namna yake. Aliinuka akiwa na sidiria mkononi kama mtu anayekwenda kumrudishia mteja nguo iliyoharibika.

Daktari alikuwa anavaa glavu. Wauguzi wawili walishamlaza Kifungo kwa ubavu na kumkunja, magoti yakigusa kidevu. Afisa alisimama dirishani.

"Msimchome," alisema Fundi. "Haumwi. Ana njaa. Nimemshindisha njaa mimi."

Alieleza yote bila kuruka kitu: plasta, vidonda, kipande cha pamba, sufuria. Alimpa daktari mrija ukiwa ndani ya kitambaa, daktari akauvuta kwa bomba la sindano, bomba likagoma. Muuguzi mmoja akasema, "Jamani," akaziba mdomo. Daktari alivua glavu, akaurudisha mgongo wa mtoto ukanyooka.

"Asante kwa kusema," alisema.

Afisa aliketi kwenye kitanda kitupu cha jirani.

"Sisemi wewe ni mbaya," alisema. "Nimeona nyumba nyingi. Yako ni nyumba nzuri. Lakini mtoto alikuwa anakufa mikononi mwa watu watatu wanaompenda, na hakuna aliyeniita. Kliniki hukwenda. Nepi zilikuwa kavu."

"Nepi niliziona mimi," alisema mama mkwe kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika kikapu cha chakula. "Niandike mimi. Nilikaa kimya."

"Kwa nini, bibi?"

"Alikuwa anaimba."

Afisa aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. Mtoto atakaa wodini mpaka apate nguvu, alisema, halafu atakwenda kwa familia nyingine iliyokuwa inangoja. Hakuinua sauti. Mume alitoka nje. Walisikia kiganja chake kikipiga ukuta wa korido, mara moja.

Siku ya kuondoka, daktari aliutoa mpira puani na kusema mtoto anaweza kula mwenyewe. Afisa alikuwa na chupa mpya. Kifungo aliikataa. Aligeuza kichwa, akaitema chuchu ya mpira, akapiga kelele, sauti nzito sasa, ya mtoto mwenye nguvu. Afisa alijaribu tena, akajaribu muuguzi. Mtoto alifungua mdomo kwenye kola ya muuguzi, akitafuta.

"Safari ni ndefu," alisema afisa. Hakumtazama Fundi usoni. "Mlishe. Nitawaambia wamfundishe chupa taratibu."

Fundi aliketi. Aliomba plasta, akaubandika mrija juu ya vidonda vilivyokuwa vimeanza kukauka. Ulishuka moja kwa moja kutoka begani, haukupinda popote. Alijaza kikombe. Mtoto alishika papo hapo.

Kikombe kikaanza kupungua. Kilipungua mbele ya macho yao wote, mstari mweupe wa maziwa ukishuka kwenye plastiki, haraka, na koo dogo likifanya kazi bila kupumzika. Mashavu hayakuingia ndani. Paji la uso lilikuwa kavu.

"Kinashuka," alisema mama mkwe kwa sauti ya chini. "Mkwe wangu, kinashuka."

"Nakiona, mama."

Kikaisha. Mrija ukavuta hewa, ukalia kidogo. Afisa aliinuka, akachukua blanketi. Lakini Kifungo hakuachia. Aliendelea kunyonya, taratibu, macho yamefumba nusu, na Fundi akahisi akimeza, mara moja, na baada ya kimya, mara nyingine. Hapo hapakuwa na kikombe tena. Alihesabu mimezo hiyo mpaka ikaisha, kisha akatia kidole kwenye pembe ya mdomo wa mtoto, kama mkunga alivyomfundisha, ili aachie bila kuumia.